Mwanamke Aliyeitwa Bado

Jina lake halisi lilikuwa kwenye kitambulisho kilichoning'inia shingoni, lakini ofisini hakuna aliyelitumia. Walimwita Bado.

Lilianza kama utani wa asubuhi. Kila siku, kabla mtu hajafungua kompyuta yake, watu wa chumba kile walisimama mbele ya ubao mweupe, kila mmoja akaeleza jana alifika wapi, leo anashika nini, na kipi kimemkwamisha. Kadi za kazi zilibandikwa ubaoni, zikisogezwa kutoka kushoto kwenda kulia kadiri kazi ilivyosonga, na kulia kabisa paliandikwa IMEKAMILIKA. Wengine walizikimbiza kadi zao huko kama watu wanaowahi kiti. Yeye akiulizwa alikunja mikono na kusema, "Bado." Si kwa uvivu. Programu yake ilikuwa imeshaandikwa, inafanya kazi, na ukiitazama inapendeza. Ila haijapitiwa na jicho la mwenzake, au mpimaji hajaihangaisha akaridhika. Kwake hiyo ilikuwa bado, na hakuna namna ya kuibembeleza iwe kitu kingine.

Mkurugenzi naye walimbandika jina, ingawa yeye hakulijua. Walimwita Tayari. Alikuwa mtu mchangamfu, shati limenyooka, manukato yanamtangulia ngazini, na kila mteja aliyempigia simu aliambiwa mambo yako tayari, au yanakaribia kabisa kuwa tayari. Hakuwa mtu mbaya. Kampuni ile aliijenga kwa mdomo wake, na mdomo huo ndio uliowaletea wote kazi. Shida ni kwamba ulikwenda mbio kuliko mikono ya wengine.

Basi ukiwaweka Bado na Tayari chini ya paa moja, juu ya duka la rangi ambalo harufu yake ilipanda mpaka ghorofani, usitegemee amani ya muda mrefu.

Kabla ya hapo Bado alifanya kazi mahali ambapo waandishi wa programu walipewa maagizo kwa karatasi, wakaandika walichoagizwa, wakarudisha. Ukiuliza kwa nini, unaambiwa wewe andika. Huku alikubali kuja kwa sababu aliambiwa utaratibu ni mwingine. Kazi ingekwenda kwa awamu fupi za wiki mbili mbili. Mwanamke mmoja aliyewahi kupokea simu kwenye zahanati, ambaye cheo chake kilikuwa mwenye bidhaa, angesema mteja anahitaji nini na kipi kitangulie. Lakini kiasi gani kinaingia kwenye awamu, na kinajengwaje, wangeamua wale wanaojenga. Na wakishamaliza, wangemwonyesha mteja kitu chenyewe kikiwa kinatembea, si picha wala hadithi. Bado aliyashika maneno hayo kwa mikono miwili. Mkurugenzi aliyatamka siku ya kumwajiri kwa namna mtu anavyosema karibu nyumbani. Yeye aliyachukua kama mkataba.

Walikuwa wanne chumbani mle, ukimtoa mwenye bidhaa. Alikuwepo Bado mwenyewe. Alikuwepo Baba Pacha, mwanamume mpole aliyekuja kazini na usingizi wa watoto wawili machoni. Alikuwepo kijana mmoja wanayemwita Mrefu, mwepesi wa vidole, ambaye ilimbidi ainame kidogo mlangoni. Na alikuwepo mpimaji, mama asiye na maneno mengi, ambaye furaha yake ilikuwa kuharibu walichotengeneza wenzake. Akisikika anacheka peke yake, wote walijua kuna mtu ameumbuka.

Kazi waliyokuwa nayo mwaka ule ilikuwa ya magari ya wagonjwa. Mji mzima ulihudumiwa na chumba kimoja cha simu, ambako wanawake waliovaa vipokea sauti vya masikioni walipokea vilio vya watu siku nzima, kisha wakawaita madereva mmoja mmoja kwa redio, nani yuko karibu, nani ana mafuta. Programu mpya ingepokea taarifa za mgonjwa, ikatafuta gari la karibu, ikamtumia dereva ujumbe kwenye simu yake, na akikubali, skrini ya chumba cha simu ingeandika: GARI LIKO NJIANI.

Mwanzoni timu nzima ilikwenda kukaa kwenye chumba kile, ikitazama tu. Msimamizi wake alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti iliyokauka kwa miaka ya kuongea. Aliwapa viti, akawaambia wasiguse kitu.

"Mmekuja kunitengenezea kitu kizuri?" aliwauliza.

"Tutajaribu, mama," Baba Pacha akajibu.

"Kizuri mkawapelekee wengine. Mimi nahitaji kisichonidanganya."

Kazi ilikwenda vizuri kwa awamu kadhaa. Sehemu ya kupokea taarifa ilikamilika, ramani ikakamilika. Mara moja moja Mkurugenzi alikuja kusimama nyuma ya kiti cha Bado akiomba kitu kidogo tu cha kumfurahisha fulani, na Bado, bila kugeuka, alimwambia, "Mpelekee mwenye bidhaa, bosi. Akiona kinafaa, kitapangwa." Mkurugenzi alicheka. Mara ya kwanza alicheka kweli, zilizofuata alicheka kwa meno tu.

Kisha akaja na habari. Alikuwa amemwalika kiongozi mkubwa kuja kuzindua mfumo wote, mwisho wa awamu ile ile waliyokuwa ndani yake. Mahema yameshaagizwa, waandishi wa habari wameshaambiwa.

"Ulimuuliza nani?" Bado akauliza.

"Nimewauliza nyinyi mara ngapi? Kila wiki mnaniambia kazi inasonga."

"Inasonga siyo imefika."

Aliondoka akisema wasimtilie mchanga kwenye chakula, na kwamba anawaamini.

Siku mbili baadaye mpimaji akacheka peke yake. Hakucheka sana. Alimwita Baba Pacha, Baba Pacha akamwita Bado, na wote wakainamia simu moja. Mpimaji alijifanya dereva. Akatumiwa mgonjwa. Kabla hajajibu akazima mtandao wa simu, kama inavyotokea gari likiingia bondeni au nyuma ya majengo, akangoja, akauwasha tena. Hakubonyeza kitu. Kwenye skrini kubwa yakajitokeza maandishi ya kijani: GARI LIKO NJIANI.

"Rudia," Bado akasema.

Akarudia. Gari halijawashwa, dereva pengine yuko chooni, na skrini inaapa kwamba msaada unakuja.

Walitafuta chanzo mchana kutwa. Haikuwa kosa la mstari mmoja. Namna nzima ambayo simu za madereva zilizungumza na kituo ilikuwa imekaa vibaya tangu walipoijenga, na walioijenga ni wao wenyewe. Ilibidi ibomolewe, ijengwe upya, ijaribiwe na madereva wa kweli barabarani. Walipopiga hesabu, waliona haitawezekana kabla ya siku ya mahema. Wakamwita mwenye bidhaa siku hiyo hiyo, wakamweleza bila kuficha. Alishika kichwa, akakaa, kisha akasema atampigia msimamizi wa chumba cha simu. Mkurugenzi, aliyekuwa anapita, akamkataza. Mteja hatasikia chochote mpaka aseme yeye.

Asubuhi iliyofuata Mkurugenzi alisimama nao mbele ya ubao.

"Kadi hii," alisema, akigusa ile ya madereva, "inakwenda kulia leo. Tunazindua. Hitilafu mtairekebisha polepole, hakuna atakayejua."

"Bado," akasema yeye.

Watu wawili walitabasamu kwa mazoea, kisha wakaona si wakati wake.

"Dada, sikuombi ushauri."

"Najua, bosi. Lakini kadi haijisogezi, na mimi siisogezi."

Kwenye pembe ya ubao kulikuwa na maneno waliyokubaliana wote, naye Mkurugenzi akiwepo, siku walipoanza: kazi imekamilika ikishapitiwa na mwenzako, ikishapita kwa mpimaji, na mteja akiweza kuitegemea. Mkurugenzi alichukua kifutio akayafuta. Aliyafuta taratibu, mpaka pembe ikabaki nyeupe.

"Sasa hakuna makubaliano," akasema.

Bado alisogea, akachukua kalamu, akayaandika tena pale pale, kwa herufi kubwa kuliko za mwanzo. Neno la mwisho likapinda. Hakulirekebisha. Akafunika kalamu, akarudi mahali pake.

Mkurugenzi akamgeukia Baba Pacha. "Na wewe?"

Baba Pacha alivitazama viatu vyake kwa muda ambao wote waliona aibu kwa niaba yake. "Mimi nina watoto, bosi," akasema. Halafu akainua kichwa. "Na mimi pia nasema bado."

Mpimaji hakuulizwa, akajibu hivyo hivyo. "Ikisogezwa kulia nitairudisha kushoto. Ndiyo kazi yangu."

Mrefu peke yake hakusema neno. Mkurugenzi alimtazama, akatoka, na baada ya muda mfupi Mrefu akaitwa ofisini kwake.

Nyumbani habari zilifika kabla ya Bado mwenyewe, kwa kuwa mume wake, fundi wa friji, alikuwa na rafiki kwenye duka la rangi, na dari la duka lile ni jembamba. Alimkuta mama yake mzazi naye amekuja, ameketi kwenye kochi na mkoba mapajani, mkao wake wa kutoa nasaha.

"Mwanangu, jishushe," mama akaanza. "Mkubwa akisema ni tayari, sema ndiyo, halafu urekebishe kimya kimya. Nani atakuona?"

"Mgonjwa, mama."

"Mgonjwa hakujui."

"Ndiyo maana siwezi kumdanganya. Akinijua angalau angekuja kunitukana."

Mume alikuwa anamenya viazi jikoni, mlango wazi. Alipaza sauti. "Sasa wakikufukuza, mke wangu?"

"Wakinifukuza nitakuwa nimefukuzwa. Nitarudi nikusaidie kubeba friji."

"Wewe? Friji ulilobeba ni lile la kuchezea la mtoto."

Wakacheka, mama naye akacheka huku akikasirika. Lakini baadaye, wakiwa wawili, mume alimwuliza kama ana uhakika. Akamwambia hana uhakika wa kitu kingine chochote, ila huo anao. Mume akasema basi, akaendelea na viazi vyake.

Siku iliyofuata Bado alikuta kitu kipya kwenye programu. Kila mwandishi alipoongeza maneno yake ya programu kwenye kazi ya pamoja, wenzake waliyaona. Mrefu alikuwa ameongeza machache tu. Yalifanya hivi: simu yoyote ya dereva ikitumiwa mgonjwa wakati wa maonyesho, iwe na mtandao au isiwe nao, jibu la ndiyo linakuja lenyewe, safi, haraka, bila hata kumwuliza dereva. Kwa macho ya mgeni kila kitu kingeonekana kinafanya kazi.

Alimkuta ngazini akila andazi.

"Umeandika kitu kinachosema ndiyo bila kuuliza," Bado akamwambia.

Mrefu aliliweka andazi lake juu ya ukingo. "Ni kwa siku moja ya maonyesho. Ameniambia nitakiondoa baadaye."

"Angeniambia na mimi hivyo hivyo. Na baadaye hiyo utaitafuta kwa tochi."

"Mimi si shujaa, dada. Wewe ukitoka hapa utapata kazi nyingine kesho. Mimi ndiyo kwanza nimeingia. Mnanifanya nichague kati ya nyinyi na bosi."

Hilo lilimgusa, kwa sababu lilikuwa kweli. Akakaa kwenye ngazi, ikabidi na Mrefu akae.

"Sikiliza," akasema. "Kazi hii haina jina lako wala langu. Kosa lile la kwanza tuliliandika mimi na Baba Pacha, kabla wewe hujafika hapa. Tunalibeba wote. Lakini na hiki chako tutakibeba wote, na mimi hiki sikibebi. Nitakiondoa leo. Nataka tukiondoe pamoja, ila ukikataa nitakiondoa peke yangu na nitamwambia bosi ni mimi."

Mrefu akauliza kama wanaweza, badala ya kusema uongo wa kijani, kuifanya skrini ikiri tu kwamba haijui. Bado akamtazama. Lilikuwa wazo zuri, na lilikuwa dogo vya kutosha kuanza nalo. Wakapanda juu. Waliyafuta maneno yale wakiwa bega kwa bega, na wazo la Mrefu likaandikwa kwenye kadi mpya, kushoto kabisa.

Siku ya kuonyesha kazi ilitangulia siku ya mahema. Walikwenda kwenye chumba cha simu, kama kawaida ya mwisho wa kila awamu. Mkurugenzi alizungumza kwanza, akasifia, akatia chumvi, akasema mfumo uko tayari kuzinduliwa. Kisha akamwachia Bado kompyuta, akamtupia jicho la onyo.

Bado alionyesha kupokea taarifa. Ilikwenda. Akaonyesha ramani. Ikaenda. Kisha akaiweka simu ya dereva mkononi mwa msimamizi.

"Mama, zima mtandao. Usibonyeze kingine."

Mkurugenzi alisogea mbele. "Hiyo si sehemu ya leo."

"Ndiyo sehemu ya leo, bosi. Ndiyo tuliyokuwa tunaijenga."

Msimamizi alishazima. Bado akamwomba awashe. Skrini ikaandika GARI LIKO NJIANI, na wanawake wa simu waliokuwa wakichungulia wakaanza kupiga makofi.

"Msipige makofi," Bado akasema. "Ni uongo. Hakuna aliyekubali. Kosa tumeligundua awamu hii, chanzo tunakijua, dawa tunaijua, lakini haijakamilika."

Uso wa msimamizi ulibadilika rangi. Hasira yake ilimwangukia Bado, si Mkurugenzi.

"Kwa hiyo mimi ningekaa hapa, namwambia mtu mtoto wake asaidiwe kulala chali, gari linakuja. Na haliji."

"Ndiyo, mama."

"Na mmeshaalika watu."

"Sisi tunaojenga hatukukuambia mapema. Tulikatazwa, na hatukupaswa kukubali kukatazwa."

Mkurugenzi alijaribu mzaha. Haukuchekwa. Msimamizi akauliza itakuwa lini. Bado akakataa kumpa tarehe ya kumtuliza. Alisema watakaa wanne, watapima, na mwenye bidhaa atamletea jibu ambalo wote wamelikubali. Hapo mwenye bidhaa, aliyekuwa amebana kona tangu mwanzo, akapata sauti. Alieleza kwamba sehemu ya kupokea taarifa imekamilika kweli na inaweza kutumika kesho, huku madereva wakiendelea kuitwa kwa redio. Msimamizi alifikiri. Akasema atachukua hiyo. Mahema yarudishwe.

Mkurugenzi hakumpigia Bado kelele. Alimwita ofisini, akamwekea onyo la maandishi mezani, lililosema amekaidi amri na kuiaibisha kampuni mbele ya mteja. Chini palikuwa na nafasi ya sahihi.

"Saini, tuyamalize."

"Sisaini."

"Ni utaratibu tu."

"Aibu siikatai, ilikuwepo, na ilikuwa yetu. Lakini kukaidi hapana. Uliniajiri nijenge kitu kinachofanya kazi na niseme ukweli kama hakifanyi. Nimefanya vyote viwili. Ukitaka niandike hivyo, nitaandika."

Alimhamisha. Kesho yake Bado alipelekwa chumba cha nyuma, penye maboksi na dirisha lisilofunguka, kutunza programu ya zamani ya ghala ambayo watumiaji wake walishastaafu karibu wote. Ilikuwa adhabu iliyofungwa kama zawadi. Hakulalamika, ila kila asubuhi alipita mlango wa chumba cha ubao polepole, aonekane.

Kwa wenzake nako hakukuwa shwari. Mkurugenzi alikuja kwenye upangaji wa awamu mpya akitaka kazi ile ile, kiasi kile kile, kwa watu watatu. Baba Pacha, yule wa kutazama viatu, ndiye aliyezungumza. Akamwambia wataingiza wanachoweza kumaliza watatu, hakitazidi. Mrefu akaongeza kwamba hawatakubali tarehe iliyoandikwa na mtu asiyekuwepo chumbani, kisha akashangaa ni yeye aliyesema. Sehemu ya madereva ilijengwa upya pole pole. Mpimaji alipanda magari ya wagonjwa mji mzima, akizima na kuwasha simu kwenye kila bonde, mpaka madereva wakamzoea.

Kazi ilipokamilika, hakukuwa na mahema. Mfumo uliwashwa siku ya kawaida, mchana, na wa kwanza kuchukuliwa alikuwa bibi aliyeteleza bafuni, akalalamika njia nzima kwamba gari lina joto. Bado alizipata habari hizo kwa Baba Pacha, akiwa chumba cha maboksi. Alifurahi sana. Pia ilimuuma kwamba hakuwepo, na hakujifanya haimuumi.

Mwenye bidhaa ndiye aliyepeleka maneno juu: timu inamhitaji, na msimamizi wa chumba cha simu ameuliza mara kadhaa yule mkorofi yuko wapi. Mkurugenzi alisumbuka nayo, kisha akamrudisha. Hakuomba radhi, hakuombwa. Alitoa sharti moja: siku za kuonyesha kazi, Bado akae nyuma, asizungumze na mteja. Bado alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru kwa kumrudisha, na juu ya sharti hakusema ndiyo wala hapana.

Onyesho lililofuata alikaa nyuma kweli, kiti cha mwisho karibu na mlango, mikono mapajani. Mrefu alionyesha vizuri. Mkurugenzi alisimama kando akitabasamu. Mwishoni msimamizi alivua miwani yake, akatazama juu ya vichwa vya watu.

"Wewe uliye nyuma," akasema. "Hiki walichonionyesha leo, ungekitegemea kama ni mama yako anayesubiri gari?"

Mkurugenzi alifungua mdomo kujibu. Bado alikuwa ameshasimama, amesogeza kiti chake kando, na anakuja mbele kumwonyesha sehemu mbili ambazo angezitegemea na moja ambayo timu inataka kuiangalia tena.